Mtwanga sombe wa Buyenzi na upawa wake mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai na kabla ya maongezi, Mwanvua anakula sombe. Ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, avenue ya saba, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, nchini Burundi. Anachota upawa mmoja kutoka chunguni, anaumimina kwenye sahani ya bati, anakula polepole kwa mkono wa kulia ulio mzito kidogo. Sahani ikiisha, anafunika chungu. Hatakifunua tena kwa ajili yake mwenyewe hadi kesho saa kama hii.

"Usizidishe, usipunguze," anasema, akijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

Maneno hayo si yake, ni ya daktari. Lakini ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba watoto wa avenue nzima wanamwamkia nayo. Mwanvua akipita kwenda dukani, utasikia kutoka nyuma ya ua: "Mama Houda, usizidishe!" Naye hujibu bila kugeuka, "Usipunguze!"

Wanamtania kwa sababu mwanamke huyu wa miaka thelathini na saba kazi yake ni kutwanga sombe. Majani hayo ya muhogo, ambayo watu wa pwani huyaita kisamvu, yamemlisha na kumvisha kwa miaka kumi na minne. Wanawake wengi wa Bujumbura wanaofanya kazi maofisini hawana tena muda wa kutwanga, wala hamu. Wananunua iliyotwangwa tayari, na wanaojua tofauti ya sombe laini na sombe ya makapi wanaifuata Buyenzi.

Dakika chache baada ya sahani kuoshwa, mwenzake anaingia uani. Huyu ni Spès, mama wa watoto wanne kutoka Musaga. Hutoka kwake mara tu amri ya kutotembea usiku inapokwisha, na ikiwa usiku milima ya upande ule ilipiga kelele za bunduki, hufika akiwa amechelewa. Leo amewahi. Anavua viatu, anafunga kitenge kiunoni, anachukua mchi.

Mchi wa pili umeegemezwa ukutani. Ni wa Mwanvua. Karibu mwaka mzima sasa haujajaza beseni, na mpini wake unang'aa kwa alama za viganja vyake.

Wasiojua kazi hii hudhani ni nguvu tu. Sivyo. Wawili hawa walikuwa wakitwanga katika kinu kimoja, wakitazamana, mchi mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka. Hakuna anayehesabu. Mwili wenyewe unajua zamu yake, kama vile mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Mmoja akichelewa hata kidogo, michi hugongana, na ikigongana vidole vinaweza kuvunjika. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema wahenga, na kwa kweli mchi mmoja haushibishi soko.

Urafiki wao ulianzia kwenye kinu hicho na ukakomazwa na vita. Kulikuwa na siku, mwaka wa tisini na tano, ambapo kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kulimaanisha kusimamishwa na vijana wenye mawe na kuulizwa wewe ni wa nani, yaani wa kabila gani. Siku moja ya aina hiyo barabara ya kwenda Musaga ilifungwa, Spès akiwa bado na majani mikononi. Mwanvua alimvika ushungi wake, akamwambia akae jikoni. Walipokuja kuuliza, alisema ni dada yake. Spès alikaa humo wiki nzima, na asubuhi zote walitwanga, kwa sababu kinu kikinyamaza ndipo majirani wangejiuliza.

"Tangu ile siku mi sina mwenzangu mwingine wa kinu," anasema Spès.

Sasa turudi mwezi wa saba mwaka jana, mwaka wa tisini na nane.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Beseni la kwanza lilikuwa limejaa, la pili likikaribia. Spès ndiye aliyejua kabla ya mtu yeyote, kabla hata ya Mwanvua mwenyewe, kwamba kuna jambo.

"Nilisikia tu: ko! Michi imegongana. Tangu tuanze haijagongana hata siku moja. Nikasema, we, Mama Houda, umelala? Kumuangalia usoni, kinywa imeenda upande. Mana yanje, Mungu wangu! Mukono iko inashika muchi, lakini muchi haipande."

Mwanvua anasikiliza masimulizi hayo kama yanamhusu mtu mwingine. Anachokumbuka yeye ni hasira. "Mi nilitaka kumwambia Spès, we ndiye umekosea, si mimi. Lakini maneno ilikataa kutoka."

Majirani walijaa uani. Fatouma, ambaye ua wake unatenganishwa na wa Mwanvua kwa mabati matatu, ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza: ni upepo. Atafutwe mpiga chuku, damu chafu itolewe, asomewe dua.

"Tulisema ni upepo juu kiharusi ni ya wazee," anakiri Fatouma leo, bila kuona haya sana. "Mutu wa miaka makumi tatu na sita apate kiharusi? Apana. Hatukuwa tumeona."

Aliyekataa alikuwa Spès. Alisimama mlangoni, mikono yake ya kijani kwa sombe, akasema huyu anakwenda hospitali. Baba mkwe wake kinywa kilienda upande vilevile, wakangojea upepo upite. "Haikupita," anasema.

Kwenda hospitali, lakini kwa usafiri gani? Nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya nchi jirani na petroli iliuzwa kwa chupa, kwa siri, kwa wenye nazo. Khaled, mume wa Mwanvua, ni fundi wa magari. Siku hiyo uani kwake kulikuwa na magari manne, na yote manne matangi yake yalikuwa makavu. Basi alimlaza mkewe kiti cha nyuma cha Peugeot ya mteja, akashika usukani, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakasukuma. Walisukuma hadi hospitali, mtaa kwa mtaa, wakipokezana.

"Ilikuwa sawa na harusi," anasema Khaled. "Gari mbele, bantu nyuma wengi. Tofauti ni moja, hakuna mutu alipiga vigelegele."

Daktari aliyempokea anaitwa Herménégilde, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alitazama mkono uliolegea, akatazama kinywa, kisha akaweka kipimo chake kifuani na kusikiliza kwa muda mrefu kuliko familia ilivyotegemea. Khaled alidhani amekosea mahali. Mgonjwa anaumwa mkono, yeye anasikiliza kifua!

"Nilimwambia ugonjwa hauko kwenye mukono, uko hapa," anaeleza daktari, akigusa upande wa kushoto wa koti lake. "Moyo iko na milango. Mlango yake moja ya kushoto imekakamaa, inafunguka nusu tu. Damu inakaa nyuma ya mlango kusubiria kupita, na damu yenye kukaa inaganda. Kipande kidogo kikachomoka, kikapanda mpaka kwenye ubongo. Voilà."

Mlango huo haukukakamaa juzi. Mwanvua alipokuwa na miaka tisa aliugua koo, akapona. Baada ya hapo magoti yakavimba, kisha viwiko, maumivu yakihama kama mpangaji asiyelipa. Bibi yake alimkanda kwa mawese ya moto hadi yakaisha, na nyumba nzima ikasahau. Moyo haukusahau. Ulibaki na kovu, na kovu likawa likikaza mlango mwaka hadi mwaka. Alipokuwa na mimba ya Houda alishindwa kupanda ngazi ya msikiti bila kupumzika. "Nilisema ni uzito ya mutoto," anasema. "Halafu mutoto akatoka, na pumzi haikurudi."

Madaktari wanasema hadithi kama hiyo si ngeni. Moyo wenye kasoro ya umbile, uwe na mlango uliokakamaa, unaovuja, au tundu ambalo lilipaswa kuziba tangu utotoni, unaweza kumkalia mtu kimya miaka mingi na kujitangaza kwa mara ya kwanza kwa kiharusi. Ndiyo maana kijana aliyepinda kinywa hapaswi kusubirishwa nyumbani hata saa moja.

Mwanvua alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, anatembea, anasema, mkono wa kulia ukiwa mzito. Alipewa kidonge cha kuzuia damu isigande, ameze kila jioni hadi siku mlango utakapopanuliwa. Bujumbura hakuna anayeweza kuupanua. Nairobi wapo, lakini wakati huo ndege hazikuwa zikienda.

Basi ilikuwa ni kusubiri, na kumeza kidonge, na kuomba kipande kingine cha damu kisichomoke. Hapo ndipo Buyenzi ilipomzidishia mapenzi.

Mgonjwa haachwi mikono mitupu. Na mgonjwa wa damu, kila mtu anajua, anaongezewa damu kwa majani. Fatouma alifungua dimba kwa chungu cha sombe. Wa nyumba ya pili akaleta lengalenga, mchicha wa huko. Wa nyumba ya nne, aliyesikia Fatouma ameleta chungu kimoja, akaleta viwili. Mwanvua alikula asubuhi, mchana na jioni. Kukataa chakula cha jirani ni kumtukana, na sombe yenyewe alikuwa akiipenda tangu zamani, angefanyaje?

Alipokwenda kupimwa, damu ilikuwa nzito kama vile hajawahi kumeza chochote. Daktari alimuuliza kwa upole kama anasahau dawa. Mwezi uliofuata aliuliza kwa upole mdogo zaidi. Akaongeza vidonge. Kipimo kikarudi vilevile, akaongeza tena. Majirani waliposikia damu bado haijakaa sawa, walifanya walichojua: waliongeza sombe.

Khaled alikuwa na maelezo yake. Vikwazo vilikuwa vimeleta dawa za njia za panya, na yeye vidonge alivinunua kwa mwenye duka la dawa mmoja mjini, Sylvère, kijana mpole wa maneno machache. Asubuhi moja aliingia dukani humo na kumwambia mbele ya wateja kwamba anauza chaki. Sylvère alimtazama, akaendelea kufunga vidonge vya mtu mwingine.

"Nilimutukana bure," anasema Khaled. "Mutu wa watu!"

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Mwanvua, kwa kuwa kidonge chake ni cha jioni, aliona hakuna kizuizi cha kufunga, naye hakumuuliza daktari. Nyumbani kwake sombe haiingii kwenye futari. Wanafuturu kwa uji, tende zikipatikana, viazi na samaki. Majirani nao waliacha vyungu vyao, wakaleta kaimati na tambi za sukari. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, siku zikapita bila jani hata moja.

Wiki ya pili alipiga mswaki, akatema damu. Hakujali. Siku iliyofuata mapaja yalijaa madoa meusi, na hakukumbuka kujigonga popote. Jioni Khaled alikuta tone la damu kwenye mkeka wa kuswalia, kisha lingine, na mkewe ameinamisha kichwa, pua imefunguka haifungi. Safari hii uani kulikuwa na gari lenye petroli kidogo.

"Mara ya kwanza damu ilikataa dawa," anakumbuka Dokta Herménégilde. "Sasa ilikuwa imeikubali kupita kiasi. Imekuwa maji. Angegongwa kidogo tu kichwani, tungemupoteza."

Alimchoma sindano, akasimamisha vidonge, akamweka chini ya macho yake hadi damu ilipotulia. Spès alifika asubuhi. Daktari akavuta kiti, akakaa kati ya wanawake hao wawili na kuuliza jambo ambalo kwa miezi sita hakuna aliyeliuliza: ni kitu gani kimebadilika?

"Hakuna, dokta," alijibu Spès. "Ni kufunga tu. Na sombe hatuli sasa."

"Mlikuwa mnakula sombe nyingi?"

Wanawake walitazamana. Mwanvua, pamoja na ugonjwa wote, alicheka hadi akashika kifua. "Dokta, sisi tunaitwanga!"

Siku zote daktari alidhani anamtibu mama wa nyumbani. Hakuwahi kumuuliza kazi yake, naye Mwanvua hakuona sababu ya kumweleza mtu wa moyo habari za kinu. Herménégilde anasema kosa lilikuwa la wote, ila sehemu kubwa anaichukua yeye.

Maelezo yenyewe ni mepesi. Majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda, na kidonge kile kazi yake ni kuizuia isigande. Kamba moja, wavutaji wawili. Sombe ikizidi, inavuta dawa na kuishinda. Sombe ikiondolewa ghafla, dawa inaanguka na kamba upande wake, na damu inakuwa maji. Lililofuata liliwashangaza wengi waliotegemea marufuku.

"Sikumukataza," anasema daktari. "Nilimwambia: kula, lakini kila siku kiasi kimoja, ile ile. Mi nitapima dawa kufuata upawa yako. Usizidishe, usipunguze."

Ikabaki kazi ya kuwaeleza majirani, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya dawa. Fatouma aliporudishiwa chungu chake kikiwa kimejaa, aliuliza kama sombe yake imetiwa sumu. Hakukanyaga uani siku nyingi. Spès ndiye aliyemfuata, akamweleza habari za kamba na wavutaji wawili, na siku hiyo hiyo Fatouma akarudi akiwa askari. Leo hakuna mkali kama yeye. Mwanvua akichovya kidole chunguni kuonja chumvi, sauti inapaa juu ya mabati: "Nimekuona, Mama Houda!"

Khaled naye alikwenda kwa Sylvère kuomba radhi. Hakwenda mikono mitupu. Alipeleka beseni la sombe laini, na Sylvère, mtu asiyekuwa na kinyongo, aliuliza tu kama hiyo nayo ni chaki.

Tangu Februari damu ya Mwanvua imetulia. Lakini mlango wa moyo bado umekakamaa, na kutwanga haruhusiwi. Kazi ile ingemmaliza pumzi. Sasa anachambua majani, anayababua kwa maji moto, anaosha. Spès anatwanga peke yake. Zamani waliuza mabeseni mawili kwa siku, sasa ni moja, na anachobaki nacho Mwanvua baada ya kugawana hakizidi faranga mia nne, siku ikiwa njema. Wapo wanawake waliojitolea kushika mchi wa pili. Spès amewakatalia wote, na Mwanvua amemgombeza kwa hilo mara nyingi bila kufua dafu.

Habari njema imekuja na kiangazi hiki cha mwaka 1999. Vikwazo vimelegezwa, ndege zinaruka tena. Hospitali moja ya Nairobi imekubali kumpokea mwishoni mwa mwezi ujao. Msikiti umechanga, parokia ya Spès huko Musaga imechanga, na Uthmani, mdogo wake Khaled anayeishi Nairobi, ametoa chumba. Mlango utapanuliwa, inshallah.

Je, haogopi? "Naogopa," anajibu pasipo kusita. "Wanafungua kifua ya mutu, nawe unataka nisiogope?" Kisha anaonyesha paa la jiko. "Lakini ile yenye kunisumbua sana ni chakula."

Juu ya paa, kwenye mkeka, sombe iliyotwangwa imetandazwa mafungu mafungu kukauka. Mwanvua amesikia kwamba Nairobi wanakula mboga nyingine, na yeye hajui kipimo chake. Kwa hiyo anakausha yake. Spès anaipima, kila mfuko upawa mmoja, kwa upawa uleule, wakati bado mbichi, ndipo anaianika. Daktari alipoambiwa alicheka hadi akavua miwani, akasema wapasuaji wataisimamisha dawa kabla ya kazi, lakini siku zote za kungoja, na zote za baadaye, mama huyu ana haki. Mifuko imekwisha kujaa kikapu. Khaled anauliza forodhani atasemaje.

"Sema ni dawa ya mukeo," anasema Fatouma kutoka ng'ambo ya mabati.

Kufikia saa nne beseni limejaa. Spès anajifuta jasho, na hapo Mwanvua anafanya jambo ambalo daktari amelikubali kwa shingo upande, ili mkono usisahau. Anainuka, anauchukua mchi wake ukutani, anasimama upande wake wa kinu. Spès anainua wa kwake, anaushikilia hewani, anangoja. Mchi wa Mwanvua unapanda taratibu, unashuka. Ndipo wa Spès unashuka. Halafu tena. Mapigo machache tu, mazito, yenye pengo katikati. Hayagongani.

"Imetosha!" inafoka sauti juu ya mabati.

Mwanvua anaweka mchi ukutani, palepale, na kushika kigoda hadi pumzi imrudie. Akiulizwa anatarajia nini baada ya Nairobi, anatazama kinu kwanza.

"Bantu wanasema niombe nipone, nifike uzee, nione wajukuu. Nayo naomba," anasema. "Lakini umeona vile Spès ananisubiria? Kila siku ananisubiria. Mi nataka ile siku nitapiga muchi, na yeye hatanisubiria."